Tunaogopa Pampu Isiyo Yenyewe

Katika familia nyingi zenye mgonjwa wa pumu, bara na pwani, kuna onyo linalorithishwa kama wosia: usimzoeshe mtoto pampu. Mama anayetoka hospitali na mtoto aliyebanwa kifua huambiwa na mashangazi kwamba dawa ya maji na vidonge vinatosha, kwamba pampu ni ya waliofika mwisho, kwamba ukiianza huiachi na siku ukiikosa unakata roho. Onyo hilo halikai vijiweni peke yake. Linasikika kwenye maduka ya dawa, linasikika shuleni ambako mtoto huificha pampu yake ndani ya begi, na wakati mwingine linatoka kwa mtoa huduma mwenyewe, anayemwambia mgonjwa kuwa hajafikia hatua ya pampu. Hoja yangu ni kwamba onyo hili limemkosea mtuhumiwa. Wanaolitoa wameona jambo la kweli: wameona watu wakivuta pampu mara kumi kwa siku, nafuu ikipungua wiki hadi wiki, wengine wakafa wakiwa nayo mkononi. Walipokosea ni pale walipodhani kwamba pampu zote ni dawa moja. Waliyoiona ni ile inayotanua mirija ya hewa. Ile ambayo ingewaokoa watu hao, inayotuliza uvimbe, mara nyingi hawakupewa, au walipewa wakaiacha kwa kuogopa onyo lilelile.

Pumu kwa asili yake ni ugonjwa wa uvimbe ndani ya mirija ya hewa. Kwa wagonjwa wengi, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huvichukulia utitiri wa vumbi, kinyesi cha mende, chavua au manyoya ya paka kuwa maadui. Seli za masti humwaga histamini na kemikali nyingine, seli nyeupe za eosinofili hukusanyika, kuta za mirija huvimba, ute mzito hujaa, na misuli inayoizunguka mirija huwa tayari kukaza kwa kuchokozwa kidogo tu na moshi wa kuni au ubaridi wa alfajiri. Shambulio analoliona jirani, kifua kikilia filimbi na mabega yakipanda na kushuka, ni kilele cha jambo ambalo huenda lilikuwa likiendelea kimyakimya kwa siku kadhaa. Salbutamoli, iliyomo kwenye pampu ambayo kwa kawaida huwa ya bluu, hulegeza misuli hiyo ndani ya dakika chache, na nguvu yake huisha baada ya saa nne hadi sita. Uvimbe haiugusi. Beklometasoni na budesonaidi, zilizomo kwenye pampu za kuzuia, mara nyingi za kahawia, ni steroidi: huingia ndani ya seli, hushikamana na kipokezi, hufika kwenye kiini na kuzima jeni zinazoamuru kutengenezwa kwa kemikali za uvimbe. Kazi hiyo huchukua siku na wiki. Ndiyo maana anayeivuta leo hahisi kitu, na ndiyo maana anaiacha. Kuitegemea ya bluu peke yake ni kupaka chokaa ukuta unaonyonya maji kutoka kwenye msingi. Vidonge vya mzio ambavyo wengi humpa mtoto anayebanwa navyo haviwezi kuziba pengo hilo, kwa sababu vinazuia histamini tu, kemikali moja kati ya nyingi.

Tuanze na chembe ya ukweli iliyomo katika onyo, maana tusipoikubali hatutaaminika katika mengine. Katika miaka ya 1960 vifo vya pumu vilipanda ghafla Uingereza na katika nchi nyingine chache, wakati ambapo pampu zenye dozi kubwa ya isoprenalini, dawa ya kutanua mirija, zilikuwa zikiuzwa kwa wingi. Madaktari walipoonywa na uuzaji wake ukabanwa, vifo vilishuka. New Zealand ilipata wimbi lake kuanzia mwaka 1976, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1989 ukaelekeza kidole kwa fenoteroli, dawa nyingine ya jamii hiyo. Matumizi yake yalipowekewa mipaka, vifo vikapungua. Wataalamu wamebishana sana kama dawa zenyewe ziliudhuru moyo au kama zilimpa mgonjwa nafuu ya kumdanganya mpaka akachelewa kufika hospitali. Kwa hoja yangu majibu yote mawili yanatosha. Tunajua pia kwamba kutumia salbutamoli kila siku, hata kwa wiki moja au mbili, hupunguza mwitikio wa mirija kwa dawa hiyo na kuifanya mirija hiyo ichokozeke kwa urahisi zaidi. Basi mzee anayesema kwamba mtu huizoea pampu, nafuu ikawa fupi na haja ikawa kubwa, hajazua. Ameeleza kwa usahihi kinachompata mtu anayeishi kwa pampu ya bluu bila dawa ya kutuliza uvimbe.

Ushahidi wa karibu zaidi ulitolewa Uingereza mwaka 2014, baada ya wataalamu kupitia vifo 195 vya pumu kimoja baada ya kingine. Miongoni mwa marehemu waliokuwa wakitumia pampu za haraka, na ambao idadi ya pampu walizoandikiwa ilijulikana, asilimia 39 walikuwa wamepewa zaidi ya 12 ndani ya mwaka mmoja. Pampu moja ya salbutamoli huwa na mivuto 200. Anayemaliza 12 kwa mwaka anavuta zaidi ya mara sita kila siku ya Mungu. Mtu huyo alikuwa na ugonjwa uliokuwa ukipiga kelele, na kila pampu mpya aliyopewa ilikuwa nafasi ya kumuuliza dawa yake ya kuzuia iko wapi. Hapa kwetu, ambako salbutamoli hununuliwa dukani bila cheti na hakuna anayehesabu, kengele hiyo haina hata mahali pa kulia.

Sasa tuigeukie pampu ya pili, ile inayobeba lawama isiyo yake. Katika jimbo la Saskatchewan, Kanada, watafiti wakiongozwa na Samy Suissa walifuatilia kumbukumbu za wagonjwa wa pumu 30,569 na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Kila kopo moja la steroidi ya kuvuta lililoongezeka katika matumizi ya mwaka uliotangulia liliendana na kupungua kwa vifo vya pumu kwa asilimia 21. Na wale walioacha dawa hiyo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo kuliko walioendelea nayo. Mtu anaweza kuitumia habari hii ya pili kuunga mkono onyo: si mnaona, ukiiacha unakufa! Lakini tazama kilichotokea. Aliyeacha alirudi pale alipokuwa kabla ya kuanza, uvimbe ukaamka, na hakuwa na kinga dhidi yake. Kilichomuua ni pumu. Mgonjwa wa shinikizo la damu anayetupa vidonge vyake akapata kiharusi hatusemi aliuawa na mazoea ya vidonge, wala mwenye kisukari anayekosa insulini hatumwiti mraibu. Uraibu una alama zake: tamaa ya dawa, raha inayotafutwa, dozi inayopanda ili raha ileile ipatikane. Steroidi ya kuvuta haina hata moja. Haimpi mtu raha yoyote. Taabu ya madaktari duniani kote ni kwamba wagonjwa huisahau. Na mgonjwa aliyetulia kwa miezi mitatu hivi hupunguziwa dozi, hatua kwa hatua, chini ya uangalizi. Dawa inayopunguzwa kadiri mtu anavyopata nafuu haiwezi kuitwa ya kuzoesha.

Finland ilifanya kwa taifa zima kile ambacho Saskatchewan ilikionyesha kwenye kumbukumbu. Mwaka 1994 ilianzisha mpango wa miaka kumi uliosisitiza kwamba pumu ni uvimbe na kwamba itibiwe hivyo mapema, katika vituo vya afya vya kawaida, huku wauguzi na wafamasia wakifundishwa. Siku za kulazwa kwa sababu ya pumu zilishuka kutoka takribani 110,000 mwaka 1993 hadi takribani 51,000 mwaka 2003, ingawa idadi ya wagonjwa waliotambuliwa iliongezeka katika miaka hiyohiyo. Finland ni nchi tajiri, sina haja ya kulificha hilo. Lakini dawa iliyoleta mabadiliko hayo haikuwa ngeni wala ya ajabu. Beklometasoni ya kuvuta ilianza kutumika Uingereza mwaka 1972, na ilitoka kwa watafiti walewale wa kampuni ya dawa ya Allen & Hanburys mjini Ware, chini ya David Jack, walioleta salbutamoli mwaka 1969. Zimezaliwa nyumba moja, zikakusudiwa kufanya kazi mbili tofauti. Sisi tumempokea ndugu mmoja tukamfungia mlango mwingine.

Pingamizi zito kuliko yote ni lile la steroidi zenyewe, na wanaolitoa wana sababu. Septemba 1948, huko Rochester, Minnesota, Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic walimdunga kortisoni, mojawapo ya steroidi, mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi ya viungo. Baada ya siku chache akainuka na kutembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Shangwe haikudumu, kwa kuwa waliotibiwa kwa muda mrefu walianza kuvimba uso, mifupa ikadhoofika, sukari ikapanda, macho yakaingia mtoto wa jicho, na tezi zao za adrenali zikalala kiasi kwamba kuacha dawa ghafla kuliweza kuua. Yote hayo ni kweli hadi leo. Na sisi tumeyaona kwa macho yetu kwa njia nyingine, kwa watu wanaojipaka krimu kali za steroidi ili weupe uwatoke, na kwa wanaomeza deksamethasoni ili wanenepe. Hofu ya steroidi basi ina mizizi ya haki. Lakini swali la kwanza katika famasia ni kiasi gani, na la pili ni kwa njia ipi, na onyo letu halijawahi kuuliza hata moja kati ya hayo.

Chukua kalamu tupige hesabu. Mtu mzima anayevuta maikrogramu 200 za beklometasoni asubuhi na jioni anatumia maikrogramu 400 kwa siku, yaani miligramu 0.4. Kwa mwaka mzima inafika miligramu 146. Mtu yuleyule akikataa pampu, akabanwa, akakimbizwa hospitali, atapewa steroidi ya kumeza iitwayo prednisoloni, kwa kawaida miligramu 40 kwa siku kwa siku tano: miligramu 200. Mkupuo mmoja wa dharura umeupita mwaka mzima wa pampu. Najua miligramu za dawa mbili tofauti hazilingani nguvu moja kwa moja, na beklometasoni ina nguvu kubwa zaidi kwa uzito uleule. Lakini ya kuvuta hutua palepale kwenye ugonjwa, na kwa budesonaidi, takribani asilimia 90 ya kile kinachomezwa kwa bahati mbaya huvunjwa na ini kabla hakijaanza kuzunguka mwilini, ilhali prednisoloni husambaa kwa makusudi kuanzia ubongo hadi mifupa. Uchunguzi mkubwa wa wagonjwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba baadhi ya madhara ya steroidi za kumeza huanza kuonekana pale jumla ya dozi za maisha inapofika kati ya nusu gramu na gramu moja, sawa na mikupuo minne hivi. Mgonjwa anayebanwa vibaya mara nne kwa mwaka anakifikia kiwango hicho ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo anayeikimbia pampu ya kahawia kwa kuogopa steroidi anaishia kuzipata nyingi zaidi, kwa njia mbaya zaidi, na bado pumu yake haijatulia. Hali ni hiyohiyo kwa salbutamoli ya vidonge inayosifiwa kuwa salama: kidonge cha miligramu 4 kina dawa sawa na mivuto 40 ya pampu, ndiyo maana mikono hutetemeka na moyo hudunda, na miongozo ya kimataifa haiipendekezi tena.

Mzazi ana haki ya kuuliza kuhusu kimo cha mwanawe, na anastahili jibu lenye namba. Watafiti wa Marekani walimfuatilia mtoto mmoja mmoja tangu alipoanza budesonaidi ya maikrogramu 200 mara mbili kwa siku, akiwa na umri wa miaka mitano hadi kumi na mitatu, mpaka alipokuwa mtu mzima. Mwaka 2012 walitoa matokeo: waliotumia dawa walikuwa wafupi kwa wastani wa sentimita 1.2 kuliko waliopewa dawa bandia. Hayo ndiyo madhara, sentimita moja na kidogo, nayo si ya kupuuzwa. Ndiyo maana mtoto hupewa dozi ndogo kabisa inayomtosha na kupimwa urefu kila anaporudi kliniki. Upande wa pili wa mizani kuna usiku wa kutolala, masomo yanayokatika, mikupuo ya prednisoloni ambayo nayo hudumaza, na kifo. Madhara mengine ya pampu ni utando mweupe wa fangasi mdomoni na sauti kukwaruza, ambayo hupungua sana kwa kusukutua maji na kuyatema baada ya kuvuta.

Wapo wanaosema: nchi zetu zina kifua kikuu kingi, je, dawa inayoshusha kinga si hatari? Swali zuri. Steroidi za kumeza zinahesabiwa kuwa hatari kwa kifua kikuu zinapofika takribani miligramu 15 za prednisoloni au zaidi kwa siku kwa mwezi mzima. Na kwa wagonjwa wa ugonjwa sugu wa mapafu unaotokana hasa na sigara na moshi, dozi kubwa za steroidi ya kuvuta ziliongeza nimonia; utafiti wa TORCH wa mwaka 2007 ulilionyesha hilo wazi. Ndiyo sababu si kila kikohozi kipewe pampu ya kahawia. Mwenye makohozi ya wiki mbili, jasho la usiku na kupungua uzito apimwe kifua kikuu kwanza. Lakini dozi ndogo kwa mtu aliyethibitika kuwa na pumu ni jambo lingine, na tukiogopa kuituliza kinga yake mapafuni kwa maikrogramu, tutaituliza mwili mzima kwa miligramu siku atakapozidiwa.

Kuna kundi lingine, nalo ni la wataalamu: pumu ndogo, wanasema, inatosheka na ya bluu. Kwa miongo mingi hata vitabu vilisema hivyo. Mwaka 2019 GINA, jopo la kimataifa linaloandika miongozo ya pumu, liliufuta ushauri huo kwa watu wazima na vijana: hakuna anayepaswa kutibiwa kwa dawa ya kutanua mirija ya muda mfupi peke yake. Sababu ipo. Katika vile vifo 195 vya Uingereza, zaidi ya nusu ya wale ambao ukali wa pumu yao ulikadiriwa walikuwa wakihesabiwa kuwa na pumu ndogo au ya wastani. Na utafiti wa SYGMA wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wenye pumu ndogo waliovuta mchanganyiko wa budesonaidi na formoteroli, dawa ya kutanua mirija, pale tu walipobanwa walipata mashambulizi makali pungufu kwa asilimia 64 kuliko waliovuta dawa ya kutanua peke yake. Hapo hata yule anayechukia dawa za kila siku amepata njia: pampu moja, anayoivuta anapobanwa, yenye nafuu ya haraka na tiba ya uvimbe ndani yake.

Limebaki la bei, na hili silipingi, nalikasirikia. Pampu ya bluu ni rahisi kupatikana, ya kahawia mara nyingi haipo rafuni, na ile ya mchanganyiko ni ghali kuliko zote. Ila tusigeuze uhaba kuwa hekima. Steroidi za kuvuta zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na mchanganyiko wa budesonaidi na formoteroli umo pia. Shirika hilohilo linakadiria kwamba mwaka 2019 pumu iliwaua watu 455,000, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Uhaba unaendelea kwa kuwa hakuna anayedai, na hakuna anayedai kwa kuwa tumefundishwa kuogopa. Si kila kitu ni ghali, tena. Mtoto asiyeweza kuvuta pampu sawasawa huhitaji chombo cha katikati kinachoishikilia dawa mpaka aivute, na mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa na kuzibwa vizuri kuizunguka pampu, ilifanya kazi sawa na chombo cha dukani kwa watoto waliobanwa. Chupa kama hizo tunazitupa kila siku.

Kwa hiyo namwomba mfamasia: mteja anayerudi kununua pampu ya bluu kabla mwezi haujaisha, usimuuzie tu, muulize ya kuzuia iko wapi, umpeleke kwa daktari. Namwomba anayesimamia bohari ya dawa wilayani aagize beklometasoni kwa uzito uleule anaoagiza salbutamoli. Na wewe mzazi, mtoto wako akiruhusiwa kutoka wodini baada ya kubanwa, usiondoke na pampu ya bluu peke yake. Simama dirishani, uiulizie ya pili kwa jina lake, na ukiambiwa haipo, uliza itapatikana wapi na lini.